Siku Niliyotafsiri Sheria ya Masomo Matano kwenye Spika

Kosa langu la kwanza nililifanya mapema kabisa, mwaka wa kwanza chuoni, muhula wa pili, nilipokaa mbele ya kompyuta ya maktaba na kulifuta somo la falsafa ili nibaki na masomo manne. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na yaliyotokea kwenye dua ya bibi mtadhani nilikuwa nimelewa, na mimi hata kahawa siinywi (inanipeleka moyo mbio). Aibu niliyoipata siku ile Bagamoyo, mbele ya ukoo mzima na majirani na spika iliyofungwa juu ya paa ili hata walioshindwa kuja wafaidi, ilianzia mbali sana, kwenye baridi, kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi na binamu yangu Fatma, mtoto wa mjomba Shomari wa Mbegani, tulipata ufadhili mwaka mmoja tukaenda chuo kimoja huko Kanada, mji mdogo ambao theluji inaanguka kabla hujazoea jina la mtaa wako. Wote wawili tunataka udaktari. Sasa kule udaktari huingii ukitoka Kidato cha Sita kama hapa kwetu. Kwanza unasoma shahada nyingine, iwe biolojia, kemia au chochote, halafu ndiyo unaomba, na vyuo vya udaktari vinavyopokea wageni kama sisi ni vichache mno, na kitu cha kwanza wanachotazama ni alama zako za miaka yote. Haya nilijifundisha mwenyewe, kama nilivyojifundisha fizikia ya Kidato cha Tano tulipokosa mwalimu, kwa kusoma kila ukurasa wa intaneti mpaka macho yakawasha. Wastani unaotakiwa niliujua hadi tarakimu ya mwisho baada ya nukta. Na kwa kuwa niliujua, niliishi nao kama mtu anayeishi na mbwa mkali ndani ya nyumba. Mimi ndiye yule ambaye wino ukivuja kidogo kwenye daftari naandika ukurasa mzima upya.

Fatma si hivyo. Fatma analala. Wiki ya mitihani, watu wanatembea na macho mekundu kama wavuta bangi, yeye ameshaswali isha, amejifunika blanketi, anakoroma. Maprofesa wanamjua kwa jina na wanalitamka sawasawa, ilhali mimi hadi leo kuna mmoja ananiita Nasiri. Bibi akipiga simu ya video swali la kwanza ni "Fatma yuko wapi?" na mimi ndiye niliyeshika simu. Nitasema wazi maana nyinyi ni rafiki zangu: nilimwonea wivu Fatma hadi wa usingizi wake.

Basi muhula ule sote tulichukua falsafa liwe somo letu la tano. Insha yangu ya kwanza ikarudi na B. Niliiweka kitandani nikaikalia matanga. Chuo kinaruhusu kuacha somo kabla ya tarehe fulani na hakibaki chochote kwenye matokeo yako, kama vile hukuwahi kulisoma, nikapima: masomo manne yenye A tupu, au matano yenye doa. Nikachagua manne. Na msinione mjinga, niliulizia kwanza. Ofisi inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni ilisema ukiwa na masomo matatu tayari wewe ni mwanafunzi wa muda wote, kibali chako cha kuishi nchini kiko salama. Mimi nina manne. Nikaona nimewazidi kwa moja.

Jioni ile nikamkuta Fatma kwenye jiko la bweni anakaanga maandazi, Wazungu wawili wamesimama pembeni wanasubiri kama kuku, nikamwambia nimeachana na falsafa. Akaweka mwiko chini.

"Nasri, kalirudishe kabla hawajafunga."

"Kwa nini?"

"Chuo cha udaktari hakihesabu kama watu wa kibali. Wao wanataka matano kila muhula. Mwaka wenye manne wanautupa."

Sasa hapa lazima mnielewe. Fatma ni binamu yangu, na mnajua mambo ya mabinamu, sisi tumetaniana tangu tunavaa chupi moja moja kucheza uani kwa bibi, na mtu mliyekua naye kwenye utani hawezi kukwambia jambo bila wewe kutafuta mtego umefichwa wapi. Wiki yetu ya kwanza tu chuoni aliniambia, kwa sura kavu kabisa, kwamba kule mwanafunzi akichelewa darasani anamwandikia mkuu wa idara barua ya kuomba radhi. Niliandika. Nilirudia mara tatu ili mwandiko ukae sawa. Nikaipeleka mwenyewe kwa mikono miwili, mkuu wa idara akaisoma yote, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo. Fatma alicheka hadi akakaa chini kwenye theluji.

Kwa hiyo jioni ya maandazi nilijiona mwerevu. Nikamwambia, "Unataka tuungue wote kwenye falsafa, eti? Ungua mwenyewe." Akanitazama kidogo, akasema "Haya," akaokota mwiko wake. Ule ukurasa wa chuo cha udaktari nilikuwa nimeusoma, naapa, ila nilipofika panaposema mzigo kamili wa masomo nilipita mbio, kwa maana nilishajua mimi ni wa muda wote, nina karatasi ya ofisi. Mwisho wa muhula Fatma akapata C ya falsafa. Mimi A zangu nne zikasimama mstari mmoja. Mungu anisamehe, siku ile nilikula vizuri.

Mwaka wa pili nikanogewa, nikaacha somo tena, muhula wa kwanza na wa pili. Fatma akasema mara nyingine moja tu, tukiwa njiani kwenda darasani, nikamjibu kwamba wivu utamzeesha. Hakurudia.

Ndiyo tukaja likizo.

Bibi, mama yake mama yangu na mjomba Shomari, alikuwa ameamua kutufanyia dua ya kushukuru, pale kwake Bagamoyo, baada ya swala ya adhuhuri. Pakafungwa turubai, akina mama wakashona sare za kitenge, wakaja watu kutoka Mbegani, wakaja wengine wa upande wa babu kutoka Fukayosi na magunia ya mihogo. Na kila aliyeingia alituita dokta. Kwa watu wetu ukishasema mtoto amekwenda kusomea udaktari, basi huyo ni daktari, kilichobaki ni koti. Mama mmoja akamwonyesha Fatma mguu uliovimba. Fatma akamwambia kwa adabu, "Shikamoo mama, mimi bado sijaanza hata kuusoma udaktari, nenda hospitali wakutazame." Mama wa watu akageuka kuwaambia wenzake, "Mashallah, mtoto mpole, hajivuni." Mguu ukaletwa kwangu. Nikasema maneno yaleyale, neno kwa neno, na shikamoo juu. Akanyanyua mguu wake akaenda zake akinung'unika, "Huyu anaringa."

Mnaona sasa? Mtu gani asingeumia?

Bibi alikuwa amemkalisha Fatma ubavuni kwake kwenye jamvi. Mimi aliniita kwa mbali, mbele za watu, kwa sauti yake ya utani: "Mume wangu! Mbona umerudi mwembamba? Huyu mke mwenzangu anakunyima chakula huko?" Watu wakacheka. Kwa kawaida namjibu bibi hapohapo, tunapimana, lakini siku ile nilikuwa nimejaa mpaka shingoni, nikatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Dua ikasomwa, pilau ikaliwa, kisha mjomba Shomari akashika maikrofoni. Mjomba anatengeneza injini za boti, ana sauti ya kushindana na injini, maikrofoni hakuihitaji, lakini aliikodi mwenyewe na alitaka itumike. Akasema vijana watupe maneno mawili matatu, hasa kwa ajili ya Zuhura. Zuhura ni mtoto wa jirani, amemaliza Kidato cha Sita, na alikuwa amepata nafasi chuo kilekile chetu, anaondoka baada ya mwezi. Alikuwa amekaa mbele kabisa, ametoa macho yote.

Fatma akaanza. Akashukuru, akasema kwamba bado hatujaingia udaktari, tunasoma shahada ya mwanzo, kuingia ni kugumu, tuombeeni. Akakaa. Maneno yale yakawashangaza watu, nikasikia minong'ono, "Kumbe bado?" na hata hivyo walipiga makofi, na bibi akamfuta jasho kwa ncha ya mtandio wake.

Ule mtandio ndio ulionimaliza. Nikainuka.

Nikaichukua maikrofoni kwa mjomba nikaeleza yote ambayo Fatma hakuyaeleza, shahada ya kwanza, wastani, mtihani wa kuingilia, usaili, na nilieleza vizuri, siwafichi, watu walinyamaza hadi waliokuwa wanaosha masinia wakasogea. Ningeishia hapo leo ningekuwa mtu. Lakini makofi yakaja, nikayapenda. Nikasema, "Mimi kwa miaka miwili sina alama yoyote isipokuwa A." Mashallah zikamiminika. Mama yangu akapiga kigelegele. Nikaongeza, "Wengine wana C, siwataji," nikamtazama Fatma, na watu si wajinga, wakayafuata macho yangu.

Mjomba akauliza, "C ndiyo nini hiyo?" Fatma akainamisha uso akachezea ukindu wa jamvi.

"Siri ni hii, Zuhura," nikasema. "Watakwambia uchukue masomo matano. Usikubali. Chukua manne, uyasome hadi yakuogope. Ukiona somo linataka kukuharibia, liache mapema."

"Manne, kaka?" Zuhura akauliza. "Kwenye udaktari hawatanikataa?"

"Mimi nipo mbele yako."

Fatma akainua kichwa. "Zuhura, usimsikilize. Chukua matano."

"Binamu, wivu huo!" nikasema kwenye spika, na Bagamoyo nzima ya upande ule ikasikia.

Turubai likalipuka. Watu walijua hapo ni binamu kwa binamu, wakakaa mkao wa kufaidi. Mzee mmoja wa Fukayosi akapiga kelele, "Mjibu, Fatma, usikubali!" Bibi akadakia, "Mke mwenzangu, mwachie bwana aseme, ndiyo maana ananipenda mimi!" Fatma akasimama. Akasema tena, taratibu, kwamba mwaka wa masomo manne hauhesabiwi, na kadiri alivyosema ndivyo watu walivyozidi kucheka na kumshangilia, mimi nikawa nachezesha nyusi kama mcheza ngoma. Zuhura naye akaanza kucheka, akaniambia, "Basi manne, kaka, nimekuelewa."

Hapo Fatma akasema, "Wallahi si utani."

Fatma haapi ovyo. Tangu tukiwa watoto anasingiziwa kuvunja chungu na bado haapi. Kicheko kikakatika. Hata bibi akanyamaza, na bibi akinyamaza unajua.

Ningeweza kusema tutaongea baadaye. Ningeweza kukaa. Badala yake nikatoa simu mfukoni nikasema, "Sawa, msinisikilize mimi wala yeye, tuwasikilize wenyewe," nikafungua ukurasa wa chuo cha udaktari, kile tulichokuwa tunakiwania wote wawili, nikatafuta pale nilipokuwa nimepapita mbio mwaka ule wa kwanza. "Imeandikwa Kiingereza," nikawaambia watu kwa madaha, "nitawatafsiria."

Nikaanza. "Mwombaji awe amebeba mzigo kamili wa masomo, yaani masomo matano kila muhula, katika kila mwaka anaotaka uhesabiwe."

Sauti yangu niliisikia ikitoka juu ya paa, ikachelewa kidogo kunifikia, kama vile mtu mwingine ndiye aliyekuwa ananisomea mimi.

"Endelea, mwanangu," mjomba akasema.

"Imetosha, mjomba, wameelewa."

"Nani kaelewa? Mimi sijaelewa. Endelea kutafsiri."

Nikaendelea, nifanyeje, mjomba wangu ameagiza mbele ya watu. "Mwaka ambao mzigo huo haukutimia, alama zake hazitaingizwa kwenye hesabu." Nikameza mate, na spika ikameza nami. "Hata zikiwa za juu."

"Endelea."

"Mwanafunzi anayehesabika wa muda wote chuoni kwake kwa masomo pungufu ya hayo, hatahesabiwa kuwa ametimiza."

Hapo nikaishusha simu. Nilikuwa nimeshafika mwisho wa sentensi kabla akili haijafika, na ilipofika ilifika yote kwa mpigo: kila A niliyoilaza chini ya mto wangu, kila Ijumaa niliyokataa kutoka na wenzangu, hakuna. Kwa chuo kile mimi nilikuwa sijasoma.

Mama akauliza kutoka upande wa wanawake, sauti ndogo, "Nasri, ni mwaka upi huo usiohesabiwa?"

"Wa kwanza, mama."

"Alhamdulillahi, ni mmoja tu."

"Na wa pili."

Kuku akapita katikati ya turubai. Kisha bibi, ambaye nadhani alitaka kuniokoa kwa njia pekee anayoijua, akapiga paja lake akasema, "Basi niandikie talaka yangu! Miaka miwili nakaa peke yangu namsubiri mume, kumbe haihesabiwi! Nani atanirudishia?"

Hamjawahi kusikia watu wakicheka vile. Mzee wa Fukayosi alilala juu ya mguu wa jirani yake. Mama mwenye mguu uliovimba alikuwa anaupigapiga chini mguu uleule. Mimi nikataka kurudisha maikrofoni nikaikabidhi kwa mtu aliyeshika sinia, ikaangukia kwenye mabaki ya pilau, spika ikatoa mlio wa kutoboa masikio, watoto wakakimbia, na mimi nikatoka nao, mtu mzima wa miaka ishirini na moja, nikapitia uani nikajibanza nyuma ya tangi la maji.

Huko nyuma ya tangi ndiko nilikosikia lililobaki, maana mjomba Shomari alimvuta Fatma pembeni ili wasisikike, na pembeni penyewe ni hapo.

"Hiyo C anayosema Nasri ni ya kwako?"

"Ni yangu, baba. Ya falsafa."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu. Wewe unawaambia watu wote wa Mbegani mimi ni wa kwanza."

Nikajua nimemvunjia Fatma kitu ambacho hakikuwa changu, na nilitamani ardhi ipasuke. Kisha mjomba akauliza, "Na mwaka wako wewe, unahesabiwa?"

"Unahesabiwa."

"Pamoja na hiyo C?"

"Pamoja nayo."

"Basi hiyo C nitafutie nikaibandike ukutani karakana."

Wakacheka wote wawili, taratibu. Na mimi nyuma ya tangi, nimelowa mgongo mzima kwa maji yanayovuja, miaka yangu miwili imetupwa, nilikuwa naona wivu. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuionea wivu C.

Fatma alinikuta palepale baba yake alipoondoka. Hakucheka. Akaniletea kitambaa.

"Ulidhani nakutania," akasema.

"Nilidhani."

"Miaka yote miwili?"

"Nilitaka iwe utani," nikamwambia, na hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli niliyoisema siku nzima. "Nisamehe habari ya C."

"Ile sijakusamehe," akasema. "Nitakusamehe, lakini si leo. Toka huko, Zuhura anaogopa kuja kukuuliza, nenda kamwambie mwenyewe achukue matano."

Nikatoka. Nikapita katikati ya watu waliokuwa wanajifanya wanakunja jamvi, nikamwambia Zuhura achukue matano, na mzee wa Fukayosi akauliza kama hayo nayo nimeyatafsiri au nimeyatunga.

Tangu siku ile sijashika maikrofoni kwenye shughuli ya mtu, na nikiitwa nasema koo linaniuma. Fatma amepeleka maombi yake ya udaktari mwaka huu. Mimi siwezi, nimebadili mpango ili nibaki chuoni mwaka mmoja zaidi kupata miaka ya kutosha inayohesabika. Nachukua masomo matano kila muhula. Nimeshapata B mbili na C moja, na zote nimeziacha zikae. Wivu bado ninao, sitawadanganya, siku Fatma akiitwa kwenye usaili nitalala vibaya. Lakini Zuhura akiniandikia kuniuliza jambo lolote la chuo, namwambia amuulize Fatma, na Fatma akiniambia mimi kitu, nakwenda kukifanya siku hiyohiyo.